Muhuri Chini ya Wino

Jumanne ambayo Daktari Buti hakufika kazini, vifaranga walitotolewa kama kawaida. Yai halina habari na mtu. Likishatimiza siku ishirini na moja kwenye joto linapasuka, daktari awepo asiwepo. Alfajiri wafanyakazi wa kituo cha kuku walifungua mashine, wakatoa trei, wakawapanga vifaranga kwenye maboksi yenye matundu, mia kwa kila boksi, maboksi arobaini na mawili. Kufikia saa tano asubuhi gari lilikuwa limeshatoka getini kwenda uwanja wa ndege, karani amekaa mbele na bahasha ya cheti cha afya magotini. Saa saba mchana simu ililia ofisini kwa meneja. Alikuwa binti wa daktari. Baba yake amekutwa amekaa kwenye benchi la kituo cha basi, mkoba mapajani, hana uhai. Moyo ulisimama.

Huyu daktari wa mifugo walimwita Daktari Buti kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuvaa buti za kuazima. Kila kituo cha kuku huweka buti za wageni mlangoni, mtu asije akaingia na uchafu wa nje. Yeye alikuja na zake, zimeoshwa, zimefungwa kwenye mfuko. Buti ya kuazima, alizoea kusema, imejaa siri za watu.

Siku ya kumi na tatu ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa mifugo wa nchi iliyonunua. Vifaranga walianza kufa walipofika siku ya nne. Wamepimwa, wamekutwa na ugonjwa wa kuhara kweupe, ule ambao kuku mama humrithisha mtoto angali ndani ya yai. Waliobaki wamechomwa wote. Ndani ya barua kilirudishwa cheti chenyewe, namba 0631. Kilisema kuku wazazi wa banda la tatu wamepimwa damu na ni safi. Kilisema pia vifaranga wamekaguliwa leo saa nne asubuhi, nao ni wazima. Chini yake ilikuwepo saini ya Daktari Buti na muhuri wake wa zambarau. Tarehe ilikuwa ya Jumanne ile.

Hapo ndipo faili lilipofika mezani kwa Bi Rula.

Bi Rula alikuwa mkaguzi wa vyeti katika idara ya mifugo, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwembamba, asiye na haraka. Jina alipewa na wenzake kwa sababu hakusoma karatasi yoyote bila rula ya mbao. Aliiweka chini ya mstari, akausoma, akaishusha. Aliyemcheka alijibiwa kwamba macho ni kama mbuzi, yasipofungwa kamba yatakwenda kula penye majani mabichi tu.

Mkuu wa idara alimwambia jambo lenyewe ni jepesi. Daktari amesaini asichokiona, daktari amefariki, basi jina lake lifutwe kwenye daftari la madaktari wenye ruhusa ya kusaini, kosa liandikwe kuwa ni uongo kwenye cheti, na faili lifungwe. Wanunuzi wanataka jina. Jina lipo. Bi Rula aliomba apewe mpaka Jumatatu. Mkuu alicheka akasema kwa marehemu Jumatatu na leo ni mamoja.

Haikuwa mamoja. Jina likifutwa kwa kosa la uongo, kila cheti ambacho mkono ule uliwahi kukisaini hutiwa alama ya shaka. Ni miaka kumi na tisa ya kazi, na aliyeifanya hawezi tena kuitetea.

Alipotoka kwa mkuu alimkuta mwanamke kwenye benchi la ukumbini, futi ya fundi cherehani bado inaning'inia shingoni. Alikuwa binti wa daktari. Alishona sare za shule, na alikuwa ameacha kazi mezani.

"Dada," alisema, "sikuja kulia. Nimekuja kusema baba hakuisaini ile karatasi. Siku ile hakufika huko. Mtu aliyekufa saa tatu hawezi kukagua vifaranga saa nne."

"Nitaisoma mstari kwa mstari."

"Na ukikuta ni saini yake?"

"Nitaandika ni yake."

Binti aliitazama rula mkononi mwa mkaguzi. "Basi soma taratibu," alisema.

Alisoma taratibu. Jumanne nzima alikiweka cheti 0631 kando ya vyeti ishirini vya zamani, akalinganisha mkunjo wa kwanza wa saini, kiuno chake, na mkia ule uliopinda kulia kama jogoo anayegeuka. Kufikia jioni hakuwa na shaka. Saini ni ya daktari. Binti alikuwa amekosea.

Jumatano alikwenda maabara, na huko mambo yakazidi kuwa mabaya. Mtaalamu wa damu alimfungulia daftari la majibu. Sampuli sitini za banda la tatu zilipokelewa Ijumaa. Majibu yalitoka Jumanne. Kuku saba kati ya sitini walikuwa na ugonjwa. Kando yake palikuwa na maandishi kwamba majibu yamechukuliwa kwa mkono saa tatu kamili asubuhi, na saini ya aliyeyachukua. Mkia wake ulipinda kulia. Kwa nini idara haikujua? Mtaalamu alieleza kwamba nakala za idara hutumwa mwisho wa mwezi, zote kwa pamoja. Ndivyo walivyokuta, ndivyo wanavyofanya.

Kwa hiyo Daktari Buti alijua. Alijua kuku ni wagonjwa, na cheti chenye saini yake kinasema ni safi. Mkuu alipoambiwa kwa simu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alisema basi imekwisha. Bi Rula alijibu kwamba bado ana mistari ambayo hajaifikia.

Kabla ya kuondoka maabara aliazima kioo cha kukuza. Usiku alilala mapema, na Alhamisi asubuhi, dirishani penye mwanga mzuri, alikiweka kioo juu ya muhuri.

Muhuri ni kitu cha mwisho. Yeyote aliyewahi kutoa cheti anajua. Unajaza, unasoma tena ulichojaza, unasaini, ndipo unagonga. Kwenye vyeti ishirini vya zamani zambarau ya muhuri ilikuwa imepita juu ya wino wa kalamu. Kwenye cheti 0631 ukingo wa muhuri ulipanda kidogo kwenye mstari wa saa ya ukaguzi, ukakutana na ile nne iliyoandikwa pale. Wino mweusi wa nne ulikuwa juu. Zambarau ilikuwa chini.

Aligeuza karatasi huku na huku. Hakuna mahali palipoonyesha vinginevyo. Karatasi ilisainiwa na kugongwa muhuri ikiwa tupu, na mtu mwingine akaijaza baadaye.

Alirudisha kioo kwenye mfuko wake wa kitambaa, akapanda gari la idara kwenda kituoni.

Meneja wa kituo alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Alimpa Bi Mkaguzi kiti, akampa pole kana kwamba msiba ni wake, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu ila miaka ilikuwa imemtupa mkono. Yeye Jumanne ile hakuona karatasi yoyote. Hukaa ofisini na simu za wanunuzi. Mambo ya bahasha ni ya karani.

"Kwa hiyo karani ndiye aliyejaza?"

"Mimi sijasema hivyo," alisema meneja, akatabasamu. "Nimesema bahasha huwa mkononi mwake."

Ni kawaida ya mzigo mzito kutafuta bega la chini. Karani alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi cha woga. Aliapa kwamba bahasha aliichukua ikiwa imefungwa, kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, kama anavyoichukua kila Jumanne ya safari. Hakuifungua, yeye si mwizi wa barua. Bi Rula alimpa karatasi na kalamu, akamwambia aandike kwa herufi kubwa: banda la tatu, kundi la nne. Aliyataka maneno hayo kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kwenye cheti.

Karani aliandika banda la tatu, kisha kalamu ikasita.

"Kundi la nne ndilo lipi, Bi Mkaguzi?"

"Lile lililosafiri Jumanne."

"Hilo ni la ishirini na tano. Walitotolewa tarehe ishirini na tano." Halafu akacheka, kikohozi kikamtoka pamoja na kicheko. "Aa, nne. Hayo ni ya watu wa mashine. Wao huliita kundi kwa siku yai lilipoingia kwenye joto. Sisi wa ofisi tunaliita kwa siku kifaranga alipotoka. Tumegombana miaka."

"Na daktari aliliitaje?"

"Daktari alikuwa upande wetu. Alisema ambaye hajatoka hana tarehe."

Bi Rula aliitazama ile nne ya karani. Aliiandika wazi kichwani, kama kiti kilichopinduliwa. Ya kwenye cheti ilikuwa imefungwa juu, yenye pembe. Si mkono wake. Alimshukuru karani, akamwambia anaweza kwenda kunywa maji. Karani alitoka nje ya ofisi akiwa bado anakohoa.

Chumba cha mashine kilikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na ruhusa ya kuandika chochote. Bi Rula hakwenda kwake siku hiyo. Alitaka kwanza kujua daktari alikuwa anakwenda wapi.

Ijumaa alimtembelea binti nyumbani. Sebule ilikuwa imejaa sare za bluu zisizo na vifungo. Mkoba wa daktari ulikuwa juu ya kabati, pale pale ulipowekwa siku uliporudishwa kutoka hospitali. Haukuwa umefunguliwa. Binti alieleza, bila kuulizwa, kwamba kila asubuhi anasema atafungua jioni, na kila jioni anasema kumeshakuwa giza.

Waliufungua pamoja, juu ya meza ya kukatia nguo. Zilitoka buti, safi, zimefungwa kwenye mfuko. Ilitoka bahasha ya maabara, imechanwa, majibu ndani: saba kati ya sitini. Ilitoka kadi ya kliniki ya moyo, miadi ya Jumanne saa nne asubuhi.

Binti aliishika kadi kwa ncha za vidole. Alisema miadi ile waliisubiri miezi mitatu. Baba yake alitaka kuiahirisha kwa sababu ilikuwa siku ya vifaranga. Yeye ndiye aliyemkatalia. Alimwambia vifaranga watapata daktari mwingine lakini yeye hatapata baba mwingine, akamwapisha, na mzee akakubali kwa shingo upande. Alisema hayo akiwa anakunja kadi na kuikunjua.

Simu ya marehemu ilikuwa imezima. Waliichomeka kwenye umeme wakasubiri. Ilipowaka, Bi Rula aliomba kuona simu zilizopigwa mwisho. Zilikuwa mbili, saa tatu na dakika nne na saa tatu na dakika sita asubuhi, zote kwa mtu mmoja. Jina liliandikwa Mama Joto. Hakuna iliyopokewa. Juu yake palikuwa na simu moja iliyoingia kutoka kwa Mama Joto huyo huyo, saa nne kasorobo. Hiyo nayo haikupokewa, na wakati huo haikuwa na wa kuipokea.

"Buti za nini hospitali?" binti aliuliza.

Bi Rula alijibu kwamba labda ni mazoea. Mtu aliyezibeba miaka kumi na tisa hawezi kuziacha kwa siku moja. Buti peke yake hazithibitishi kitu. Aliomba kuonyeshwa kituo cha basi.

Kituo kilikuwa mbele ya maabara, hatua mia moja. Kumbe ni vituo viwili, kimoja kila upande wa barabara. Upande wa maabara basi zilikwenda mjini, hospitali ilipo. Upande wa pili zilikwenda nje ya mji, yaliko mabanda. Bi Rula alimwuliza binti ni benchi lipi. Binti hakujua. Walimpigia simu kutoka hospitali, alimwona baba yake hospitali.

Kando ya kituo cha upande wa maabara alikaa fundi viatu na sanduku lake. Huyo ndiye aliyempata. Alikuwa mzee wa maneno mengi na meno machache, na kwanza alitazama viatu vya Bi Rula, akasema visigino vinamlilia. Bi Rula alivua kimoja akampa.

Fundi alikikumbuka kila kitu kwa sababu, alisema, mtu hafi mbele yako kila siku. Mzee mwenye mkoba alifika akaketi hapa, benchi hili. Akachana bahasha. Akasoma, akasoma tena. Akatoa simu akaiweka sikioni, akaishusha, akaiweka tena.

"Basi la mjini likaja," fundi aliendelea, sindano ikipita kwenye soli. "Nikamwambia, mzee wangu, lako hilo. Akanitazama kama hanijui. Akainuka, akaliacha basi, akavuka barabara."

"Alivuka?"

"Alivuka, dada. Nusu anakimbia, na magari haya unayoyaona. Nikasema moyoni, mzee huyu ana mgonjwa upande ule. Akafika lile benchi la pili akakaa, mkoba akaupakata. Basi la kwanza la kule likaja, hakuinuka. La pili, hakuinuka. Ndipo nikavuka mimi."

Binti wa daktari alikuwa amesimama nyuma yao.  Alilitazama benchi la ng'ambo, ambalo wakati ule lilikuwa limekaliwa na mwanamke mwenye tenga la nyanya, mpaka fundi alipomaliza kisigino.

Jumamosi Bi Rula alirudi kituo cha kuku. Alivua viatu vyake vilivyoshonwa, akavaa buti za kuazima, akakanyaga sinia la dawa. Mlangoni mwa chumba cha mashine palikuwa na kisanduku cha mbao chenye kufuli dogo na tangazo: simu zote humu. Alitoa yake akaiweka. Kisanduku kilikuwa nje ya ukuta mnene. Alisimama ndani, akamwomba mfanyakazi mmoja aliyekuwa nje aipigie ile simu. Mashine zilivuma. Hakusikia kitu.

Mama Joto alikuwa mkuu wa chumba hicho, mama wa miaka sitini na ushee, mfupi, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani. Ilikuwa siku ya kumi na nane ya kundi lililokuwamo, siku ya kuyahamisha mayai kutoka kwenye mashine ya kulalia kwenda kwenye mashine ya kutotolea. Alishika kila yai juu ya taa, akatazama kivuli kilichomo. Lenye uhai alilipanga kwenye trei. Lililokufa alilitia ndooni. Mikono yake haikusita hata alipoona rula.

"Kundi la tarehe ngapi hili, mama?" Bi Rula aliuliza.

"La ishirini na tano. Liliingia siku ile aliyokufa kaka yetu."

"Na lile lililosafiri?"

"La tarehe nne."

Bi Rula alikitoa cheti kwenye bahasha ya nailoni, akakiweka chini ya taa ya mayai. Mwanga ulipenya karatasi. Mama Joto alikitazama kwa muda wa yai moja, halafu akauzima ule mwanga na kukaa kwenye kigoda.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani utakuja na polisi."

"Nimekuja na rula tu. Nieleze."

Alieleza polepole, kama mtu anayeshusha trei. Jumamosi kabla ya kifo, siku kama hii, daktari alikuja akakaa kwenye kigoda hiki hiki. Alisema binti yake amemfunga kwa kiapo, Jumanne lazima aende kwa daktari wa moyo, na ndege ni ya Jumanne tu. Kifaranga hana cha kungoja, anaishi siku tatu kwa kiini kilichobaki tumboni, zikipita anakufa ndani ya boksi. Akatoa cheti kitupu, akasaini, akagonga muhuri, akampa. Hakumpa meneja. Alisema meneja akipewa karatasi iliyosainiwa ataijaza kabla kuku hawajataga. Walicheka wote wawili.

"Akaniambia, dada, Jumanne mimi nitachukua majibu. Yakiwa safi nitakupigia simu. Uwatazame vifaranga wewe, macho yako nayaamini kuliko yangu, ujaze. Yakiwa mabaya sitapiga. Nitakuja mwenyewe, nifunge banda kwa mkono wangu." Alifuta mikono kwenye aproni. "Ndivyo alivyokuwa. Jambo zuri alilituma kwa simu. Jambo baya alilileta kwa miguu."

Bi Rula hakuuliza zaidi, ila mama mwenyewe aliendelea. Jumanne ile alikuwa humu tangu alfajiri. Alipotoka kunywa maji, saa nne kasorobo, alifungua kisanduku akakuta daktari amepiga mara mbili. Akasema moyoni, kheri, majibu safi. Akampigia kuthibitisha, ikaita tu. Akajua ameshaingia kliniki ya moyo, huko simu haipokelewi. Akawatazama vifaranga, vitovu vimefunga, miguu imesimama. Akajaza.

"Barua ilipokuja nikanyamaza. Nilisema, kaka alinipigia kwamba ni safi, huenda maabara ilimdanganya. Nikisema alisaini karatasi tupu, nitamzika mara ya pili."

"Maabara haikumdanganya, mama. Majibu yalikuwa mabaya na aliyasoma."

Mama Joto aliinua kichwa.

"Basi kwa nini alipiga?"

"Kwa sababu gari lenu linatoka saa tano, naye alikuwa mbali, na basi ni la kusubiri. Aliogopa hatawahi. Alipiga ili useme subiri." Bi Rula aliiweka rula juu ya meza, kando ya trei. "Alikuwa amekaa kituo cha kwenda hospitali. Aliposoma aliacha basi lake, akavuka barabara. Alikutwa kwenye benchi la kuja huku, buti ziko mkobani."

Mashine zilivuma. Mama Joto alilishika yai lililokuwa karibu, hakuliweka kwenye taa, alilishika tu kwa mikono miwili.

"Alikuwa anakuja," alisema.

"Alikuwa anakuja."

Baadaye kidogo mama aliinuka, akawasha taa, akaendelea na trei, kwa sababu mayai yalikuwa yanapoa. Bi Rula aliandika maelezo yake kwa mkono, akamsomea, naye akaweka jina lake chini. Nne yake ilifungwa juu, yenye pembe. Alipomaliza aliuliza kama atafungwa. Bi Rula alisema hilo si lake kuamua, ila ataandika alichokiona, na alichokiona ni kisanduku cha simu na makubaliano ya watu wawili.

Jioni hiyo alipita kwa binti. Alimwambia yote, bila kupunguza. Kwamba saini ni ya baba yake. Kwamba alisaini karatasi tupu, na kusaini karatasi tupu ni kosa, hata uisaini kwa nia njema namna gani. Kwamba hakusema uongo. Neno safi si lake, na alikufa akienda kulizuia.

Binti alikuwa anashona kifungo. Alikata uzi kwa meno.

"Mimi ndiye niliyemwapisha," alisema.

"Wewe ulimpeleka hospitali. Barabara aliivuka mwenyewe."

Alishona kifungo kingine. Bi Rula alimwambia bado anaweza kuipeleka ripoti kwa namna mbili. Akiacha kutaja karatasi tupu, mzee atatoka mweupe kabisa na Mama Joto atabeba yote. Akiandika yote, jina litabaki na doa moja dogo.

"Usinijaribu, dada," binti alisema. "Andika yote. Angekuwa hai angekuambia hivyo hivyo, tena kwa ukali."

Jumatatu saa tatu asubuhi Bi Rula aliweka kurasa sita mezani kwa mkuu wa idara. Mkuu alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akazisoma tena. Kosa la uongo kwenye cheti lilifutwa. Liliandikwa kosa la kusaini kabla ya ukaguzi, kwa cheti kimoja, namba 0631. Vyeti vingine havikutiwa alama. Maabara iliamriwa kutuma nakala siku ile ile majibu yanapotoka. Kuku wote wa banda la tatu wanachinjwa leo, na mayai yao yaliyokuwa kwenye mashine yalifukiwa jana.

Mayai ya mabanda mengine, yaliyoingia kwenye joto asubuhi ile ya Jumanne, yatatotolewa kesho. Hakuna daktari wa kusaini, kwa hiyo vifaranga hawatasafiri.